Umeinua gari la 4x4 na sasa linatetema? Pima pembe za propela kwanza

Umefunga springi ndefu, gari limesimama juu, matairi makubwa yanaenea vizuri. Lakini ukiingia lami na kuongeza mwendo, linaanza kutetema chini ya kiti. Wengi hukimbilia kubalansi matairi. Baada ya kuinua gari, mshukiwa wa kwanza ni propela.

Kwa nini linatetema

Propela inaunganisha transfa na difu kwa krosi mbili, moja kila mwisho. Krosi inayozunguka ikiwa imepinda haiendi sawasawa: inaharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko. Krosi ya pili hufuta kosa hilo, kwa sharti kwamba pembe za krosi zote mbili ziwe sawa.

Ukiinua gari, transfa inapanda na chasisi, difu inabaki chini. Pembe zinakuwa kali na usawa unaweza kupotea. Ukiacha hivyo, krosi inakufa, sili ya pinioni inaanza kuvuja, na propela ikikatika ukiwa kwenye mwendo inaweza kupasua bomba la breki. Hapo si suala la starehe tena.

Ni tairi au propela?

Mtetemo wa tairi hufuata kasi, haujali sana kama umekanyaga mafuta au umeachia. Wa propela mara nyingi hubadilika unapokanyaga na unapoachia.

Jinsi ya kupima

Simu yako inatosha kuanzia, kwa programu ya pimamaji. Vua kava kwanza.

1. Weka gari sehemu tambarare, likiwa limekalia matairi yake na mzigo wa kawaida. Usilipige jeki, difu ikining'inia vipimo vyote ni bure.
2. Pima mteremko wa flanji ya transfa, wa propela yenyewe, na wa flanji ya pinioni.
3. Tafuta tofauti ya transfa na propela, kisha ya propela na pinioni. Hizo ndizo pembe za krosi.

Mfano: transfa imelala digrii 2 kuelekea nyuma, propela 6, pinioni 0. Krosi ya mbele ina digrii 4, ya nyuma 6. Pinioni inahitaji kuinuliwa digrii 2, krosi zote zibaki na 4.

Tofauti kati ya krosi isizidi digrii 1. Kwa mwendo wa barabara kuu, pembe ya digrii 3 au chini ndiyo salama zaidi. Ikizidi, krosi huchakaa mapema.

Jinsi ya kurekebisha

*Springi za bapa:* weka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli. Kama springi iko juu ya ekseli ya nyuma, upande mnene ukielekea nyuma, pinioni inapanda. Epuka kabari laini za alumini, zinaweza kupondeka.

*Springi za koili:* tumia mikono ya ekseli inayorekebishika urefu.

*Pembe zote ni kali mno:* shusha transfa kidogo, au funga propela yenye krosi mbili upande wa transfa. Kwa propela ya aina hiyo hesabu inabadilika: pinioni inatakiwa kuielekea propela moja kwa moja, pembe yake ikaribie 0.

Angalizo kwa ekseli ya mbele

Kwenye Land Cruiser 80 na magari yanayofanana nayo, kurekebisha kasta ili usukani utulie kunainamisha pinioni ya mbele, na pembe ya propela inaharibika. Usikubali fundi arekebishe kimoja bila kupima kingine. Ukitaka kuhakikisha kwamba kosa ni la propela ya mbele, itoe ujaribu gari. Kwa 80 ya 4x4 ya muda wote, funga difu ya kati kwanza, la sivyo gari halitaondoka.

Kabla ya kuondoka gereji

Hakikisha yoki za propela zimepangwa mstari mmoja kama kiwanda kilivyoelekeza, sehemu yake ya kuteleza haijachomoka sana, na mipira ya breki haijavutika. Kisha pima tena: ukigeuza pinioni, mteremko wa propela nao husogea kidogo.