Kiunguja Ndani ya Kompyuta

Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Maneno ya barazani Ng'ambo yakaingia vitabuni. Kompyuta zilipofika, zilisema Kiingereza. Asiyekijua alibaki mlangoni, na mwenye programu ya kulipia ndiye aliyeamua itafsiriwe lini. Programu huria zilivunja kufuli hilo: msimbo wake u wazi, na yeyote ana ruhusa ya kuubadili. Ndipo mradi wa Kilinux, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukatoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu kwa Kiswahili. Hisani ya kampuni haikusubiriwa. Ila tafsiri isiyotunzwa huchakaa, na lugha hulindwa na wenyewe.