Miungu wa Kike Wenye Majina ya Waume

Tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia tu, utadhani picha haina fani wala maudhui. Mimi nabisha. Hebu tuzitazame picha za miungu wa kike alizopiga Madame Yevonde, London, mwaka 1935.

Tarehe 5 Machi mwaka huo mabwanyenye wa Uingereza walifanya dansi ya hisani katika hoteli ya Claridge's, wengi wao wamevaa kama miungu wa Wagiriki na Warumi wa kale. Yevonde akaidaka fikra hiyo, akawaita wanawake wa tabaka hilo studioni kwake, Berkeley Square. Lady Milbanke akawa Penthesilea, malkia wa Amazoni, mshale umemchoma kooni. Mwingine akawa Medusa mwenye nyoka wa mpira kichwani (Medusa si mungu, ni zimwi, lakini nani angemnyima nafasi?). Minerva, mungu wa hekima, kashika bastola. Bastola, jamani!

Kifani, nguvu yake ni rangi. Alitumia mtindo wa Vivex: negativu tatu kwa picha moja, kila moja na rangi yake, kisha zinaunganishwa. Wakati huo wapigapicha wengi wa sura za watu walishikilia nyeusi na nyeupe, wakiona rangi haina heshima. Yevonde, aliyekuwa upande wa wanawake waliodai kura kabla ya kufungua studio mwaka 1914, hakujali.

Sasa someni maelezo ya picha. Clio, mungu wa historia, ni "Mrs Anthony Eden". Jina lake, Beatrice, halimo. Historia yenyewe haina jina! Venus naye ni "Mrs Bryan Guinness", yaani Diana Mitford, ambaye ndoa hiyo ilikuwa imeshavunjika. Mwaka 1936 aliolewa na Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, nyumbani kwa Goebbels mjini Berlin, Hitler akiwa mgeni. Uzuri ule wa Venus siwezi tena kuutazama bila kukumbuka hayo.

Kuna watakaosema haya ni michezo ya makabaila tu. Sawa, ni michezo. Lakini aliyeitunga alikuwa mwanamke anayeishi kwa kazi yake. Mumewe, Edgar Middleton, alikuwa mwandishi wa tamthilia. Juu ya picha zake mkewe aliandika Yevonde.