Kuhifadhi Vichezeo vya Kale Hombolo

Vitu vya kale vilivyoheshimiwa na watu wazima, kama mikuki, viti na ngoma, hupata walinzi upesi. Vichezeo havina mlinzi, kwa kuwa hata mwenye navyo huvitupa akikua. Kwa ajili hii historia ya michezo ya Ugogo imo hatarini kuliko historia ya vita vyake.

Hombolo, kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, ni nchi ya ng'ombe, mtama na uwele. Mtoto mchungaji alifinyanga ng'ombe wa udongo, akawatia pembe na nundu, akawajengea zizi la vijiti. Wasichana walibeba magunzi mgongoni kama wana. Wazee walichimba mashimo ya bao ardhini, kivulini mwa mti, kokoto zikawa kete. Michezo hii ilikuwa chuo. Mahari ya Wagogo ilitolewa kwa mifugo, na mtoto aliyegawa ng'ombe wa udongo alijizoeza mambo ambayo siku moja angeyatenda kwa ng'ombe wenye uhai.

Zamani nyumba yenyewe ilikuwa ghala. Tembe, yenye paa bapa la udongo, ilikuwa kavu na yenye kiza. Moshi wa meko uliwafukuza wadudu. Hakuna aliyekusudia kuhifadhi, lakini kitu kilichosahauliwa pembeni kilidumu. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, na watu waliokaa mbalimbali wakahamishiwa vijijini. Mwenye kuhama huchukua jembe, chungu na mbegu; hachukui ng'ombe wa udongo, wala hawezi kuchukua mashimo yaliyo ardhini. Tembe isiyo na mwenyewe paa lake hunywa mvua, na udongo usiochomwa ukilowa hurudi kuwa tope.

Je, jiwe si bora kuliko udongo? Katika Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, yako mabao yaliyochongwa katika mwamba. Jiwe limehifadhi mashimo, lakini halikuhifadhi kanuni za waliocheza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Asiyejua namua na mtaji, wala kazi ya nyumba, ameshika ubao tu.

Basi hifadhi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kitu. Udongo usiochomwa uwekwe sandukuni juu ya kitambaa laini na kikavu, wala usiinuliwe kwa pembe. Ubao uwe mbali na ardhi kwa sababu ya mchwa, na mbali na jua, maana kiangazi cha Dodoma ni kirefu na mti hupasuka. Usioshwe wala kupakwa rangi: ule ung'avu wa mikono iliyoucheza ni ushahidi.

Sehemu ya pili ni ya maarifa. Kila kitu kiandikiwe kijiji kilikotoka, aliyekitengeneza, jina lake kwa Kigogo na namna kilivyochezwa; na mzee anayejua aulizwe angali hai, kisha mtoto akae mbele yake acheze. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ng'ombe wa udongo akivunjika, anayejua kufinyanga humfanya mwingine. Lakini kanuni ikifa na mjuzi wake, hakuna sanduku litakaloirudisha.