Nani Anahesabu Raundi?

Vijana wa hapa Kangemi wameniomba niwaandikie programu ndogo ya simu ya kuhesabu raundi. Wanashindana kwa baiskeli kwenye matope, mahali pengine unashuka na kuibeba begani, na kila mara wanagombana nani amemaliza raundi ngapi. Nimechungulia historia kidogo, na kumbe ugomvi huu si wetu peke yetu.

Chukua kisa cha Miruts Yifter wa Ethiopia. Julai 1971, Durham, North Carolina, Marekani dhidi ya Afrika, mita 5,000. Yifter alichomoka akamwacha Steve Prefontaine, kisha akasimama. Bado raundi moja! Prefontaine akashinda. Siku iliyofuata Yifter alimshinda Frank Shorter katika mita 10,000, kwa hiyo miguu haikuwa na kasoro.

Sisi waandishi wa programu tunalijua kosa hili la kupitiwa na moja. Tazama mita 5,000 zenyewe: uwanja ni mita 400, kwa hiyo ni raundi 12 na nusu. Mbio huanzia upande wa pili, na mkimbiaji anapovuka mstari wa kumalizia mara ya kwanza amekwenda mita 200 tu. Akiihesabu hiyo kuwa raundi, amepotea. Ndiyo maana kibao cha uwanjani huonyesha raundi zilizobaki, na kengele hupigwa ikibaki moja. Hata hivyo, Lausanne, Julai 2019, Hagos Gebrhiwet alishangilia ushindi ikiwa imebaki raundi nzima. Alimaliza wa 10.

Kichwa kilichochoka hakipimi vizuri hata kasi, ndiyo maana kazi hiyo hukabidhiwa mwingine. Mexico 1968, mita 1,500, Ben Jipcho aliongoza mita 400 za kwanza kwa sekunde 56, kwenye mwinuko wa mita 2,240! Kipchoge Keino akashinda kwa 3:34.9, Jim Ryun wa pili, Jipcho wa 10. Baadaye Jipcho alimwomba Ryun msamaha. Mimi sioni kosa lake. Monaco, Agosti 2020, kazi hiyo ilifanywa pia na taa zilizopangwa ukingoni mwa uwanja, zikiwaka kwa zamu kama kompyuta ilivyoagizwa. Joshua Cheptegei wa Uganda alizifuata hadi 12:35.36, rekodi ya dunia ya mita 5,000.

Baiskeli za matopeni zina ugumu wake: mbio hupimwa kwa muda. Waamuzi hutazama kwanza raundi za mwanzo zimechukua dakika ngapi, ndipo watangaze idadi. Kwa hiyo programu yangu itaanza bila jumla, itagawanya muda uliobaki, na kuonyesha raundi zilizobaki kwa tarakimu kubwa. Mashindano makubwa yamewahi kuwa na kanuni ya kumwondoa anayekaribia kupitwa raundi nzima. Hapa hatuwezi kumfukuza mtoto wa jirani, basi kila mmoja atakuwa na hesabu yake, na mtu wa kubonyeza, maana matope hufunika namba.