Safari ya Kurudi ya Sayyida Salme



Hadithi ya Sayyida Salme hapa kwetu Unguja kila mtu anaijua nusu. Binti wa Sayyid Said, Mjerumani wa nyumba ya jirani, mapenzi ya juu ya dari, halafu usiku mmoja wa Agosti 1866 akapanda manowari ya Kiingereza akaondoka. Wanaotembeza wageni Mji Mkongwe wengi wanaishia hapo, maana hapo ndipo panapopendeza. Sisi leo tunaitaka nusu ya pili, ile ya kurudi. Bi Salme alirudi Unguja mara mbili, hali yake ya fedha ikiwa dhaifu, na mara zote mbili mlango wa nyumba yao haukufunguliwa.

Tumeichagua hadithi hii kwa sababu siku hizi tunawasikia sana dada zetu waliokwenda Maskati na Dubai kutafuta, wakarudi bila kitu. Wengine wanaomba ndege ya usiku ili majirani wasilione begi lao moja. Aibu hiyo watu wanaiona ni ya zama hizi. Wallahi si ya zama hizi, na hata kwenye nyumba ya kifalme imepita.

Tuanze na mali yake, kwani bila ya kuijua mali hatutajua alichopoteza. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Bi Jilfidan, alikuwa suria Mcherkasi. Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856, Salme alikuwa na miaka 12. Akahesabiwa mtu mzima na akapewa fungu lake la mirathi mkononi: shamba lenye nyumba yake, pamoja na fedha. Mama yake alipofariki kwa kipindupindu mwaka 1859, akarithi mashamba mengine matatu. Basi msichana wa miaka 15 alikuwa na mali yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, bila ya kumwomba kaka. Hiyo ndiyo sheria tuliyopewa katika Surat An-Nisaa, na ilikuwa ikifanya kazi hapa wakati mwanamke aliyeolewa wa Ulaya mara nyingi mali yake iko chini ya mumewe. (Tuseme na la pili, tusilifiche: mashamba yale yalilimwa na watumwa, na Bi Salme alipokuja kuandika kitabu chake bado aliutetea utumwa. Kumpenda hakutufanyi tufumbe macho.)

Jengine la kulijua ni kwamba alikuwa msomi kwa jitihada zake. Wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma Qur'ani lakini si kuandika. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili aya juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimwingiza kwenye fitina ya ndugu. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alitaka kumpindua kaka yao mwengine, Sayyid Majid, na Salme ndiye aliyekuwa akiandika barua za upande wa Barghash. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme akapatana na Majid, na Barghash akaona amesalitiwa. Likumbukeni hilo, kwa sababu mtu aliyekuja kumfungia mlango alikuwa na kinyongo cha zamani kabla ya suala la dini halijaingia.

Ya kuondoka tunayapita haraka. Alifika Aden, huko akabatizwa na kuolewa siku moja na Heinrich Ruete, tarehe 30 Mei 1867, akaitwa Emily, wakaenda Hamburg. Ya moyo wake na Mola wake tunamwachia Mola.

Iko picha yake mashuhuri sana, amevaa kanzu na suruali ya marinda, mnaiona kwenye kadi na vitabu vinavyouzwa Forodhani. Sisi tunaoshona tukiitazama picha ile tunaangalia marinda kwanza, yamekaa vizuri mno. Wengi wanadhani ilipigwa hapa. Ilipigwa Hamburg! Alivaa nguo za kwao mbele ya mpiga picha wa Kijerumani, halafu akavua, akarudi kwenye magauni ya kubana ya huko.

Miaka mitatu ikapita, watoto watatu wakazaliwa. Mumewe aliteleza akiteremka kwenye tramu ya farasi, akajeruhiwa, akafariki tarehe 6 Agosti 1870. Bi Salme hajatimiza miaka 26. Mtoto mdogo ana miezi michache. Mwanamke wa hapa akifiwa, hata awe masikini vipi, nyumba inajaa watu: kuna shangazi wa kukaa naye eda, kuna mashoga wa kupika, kuna khitma. Yeye alikuwa na lugha ya kuazima na baridi inayokuja.

Kisha sheria ya mji ikamwingilia. Mjane hakuruhusiwa kusimamia peke yake mali ya watoto wake, wakawekwa walezi wanaume wa kuamua. Yule aliyekabidhiwa mashamba akiwa na miaka 12, sasa akiwa mama wa watoto watatu lazima awasikilize wanaume asiowajua juu ya fedha ya chakula. Tukilifikiria hili tunaona uzito wake kuliko hadithi yote ya mapenzi. Pato likawa dogo. Akahama Hamburg, akaishi Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta pahala pa maisha ya nafuu, na akafundisha Kiarabu ili apate chochote. Lugha ya nyumbani kwao ndiyo iliyobaki kuwa mtaji.

Msomaji atauliza, kwa nini asirudi mapema? Tumeliwaza sana. Miezi miwili tu baada ya mumewe kufa, Oktoba 1870, akafariki Sayyid Majid, kaka aliyekuwa na huruma naye, na aliyeshika ufalme ni Barghash. Watoto walikuwa ni wa Ujerumani kwa sheria na kwa dini. Na kulikuwa na ile aibu: alitoka kama binti wa mfalme, arudi kuomba? Hata huku nyumbani mambo hayakuwa kama alivyoyaacha. Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi, na matajiri wengi wa mashamba walijikuta na madeni. Anayekaa ugenini huwa anaiweka nyumba akilini vile vile alivyoiacha.

Mwaka 1875 Barghash alialikwa London. Bi Salme akasikia, akawaacha watoto, akavuka bahari kwenda huko kwa tamaa ya kuonana na kaka yake, pengine ana kwa ana moyo utalainika. Kabla hajamfikia, akajiwa na Sir Bartle Frere, mkubwa wa Kiingereza aliyewahi kutumwa Unguja kwa mazungumzo ya kukomesha biashara ya watumwa. Waingereza hawakutaka mgeni wao akasirishwe. Frere akampa uchaguzi: aache kumtafuta kaka yake, na serikali ya Uingereza itaangalia mustakabali wa watoto wake. Mama akafikiria watoto, akakubali. Barghash akamaliza ziara, akaondoka. Halafu Bi Salme akajibiwa kwamba yeye ni raia wa Ujerumani, akaombe kwa serikali yake.

Hebu pima, shoga. Alikuwa mji mmoja na kaka yake, akaiacha nafasi ile kwa ahadi ya mdomo.

Miaka kumi baadaye Wajerumani walimkumbuka, si kwa ajili yake. Mapema mwaka 1885 walikuwa wametangaza himaya juu ya sehemu za bara ambazo Barghash alizihesabu ni zake, naye akapinga. Chansela Bismarck akatuma manowari. Mwanamke anayedai mirathi yake, dada wa mfalme na raia wa Ujerumani, alikuwa kisingizio kizuri cha kuongezea. Akapandishwa meli pamoja na watoto wake, na Agosti 1885 akaiona tena Unguja baada ya miaka 19.

Kutoka melini mtu anauona mji wote wa pwani. Beit al-Ajaib, ambayo Barghash aliijenga mwaka 1883, hakuwahi kuiona, na ilikuwa imesimama pale mbele, ndefu kuliko nyumba zote, karibu na nyumba aliyoishi baba yao. Mizinga ya manowari ilielekea huko huko. Alikuwa amerudi kwao akiwa upande wa mizinga.

Barghash hakuweza kupigana, akakubali himaya ya Wajerumani. Lakini dada yake alikataa katakata kumwona. Bi Salme aliteremka mjini na maofisa wa Kijerumani, na watu wa kawaida walimjia wakamzunguka na kumsalimu kwa Kiswahili, wengine ni watu waliomjua tangu utotoni. Mji ulimpokea na kasri ikamkataa. Alikwenda kuitazama Mtoni, akaikuta imekuwa magofu. Na Wajerumani, mradi wao umeshapita, suala la mirathi yake wakaliwacha lipoe.

Hapa lazima tuseme juu ya haki, kwani hii ndiyo sehemu ambayo tukikaa wanawake huwa tunabishana sana. Fungu la baba yake na la mama yake alikwisha kulipata akiwa Muislamu. Alichokidai mwaka 1885 ni fungu katika mali za ndugu zake waliofariki baada ya yeye kuondoka. Kwa sheria ya mirathi, waliotofautiana dini hawarithiani, na hilo limethibiti katika hadithi ya Mtume ﷺ. Kwa hiyo aliyesema Barghash alimdhulumu mirathi hajasema sawa, na sisi hatutaigeuza sheria kwa sababu ya huruma.

Lakini mirathi ni kitu kimoja na udugu ni kitu chengine. Bi Asmaa binti Abubakar, radhi za Allah ziwe juu yake, alijiwa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina, ana haja. Akaenda kumuuliza Mtume ﷺ kama amuunge, akaambiwa amuunge mama yake. Hakuna mirathi hapo. Kuna mlango, sahani ya chakula, zawadi. Barghash alikuwa na uwezo wa kumnyima fungu na bado akamtumia kiti akae. Tunajua alikuwa na sababu zake za siasa, na mtu aliyeelekezewa mizinga haambiwi awe mpole. Kwa maoni yetu hata hivyo kinyongo cha mwaka 1859 kilikuwa kizito zaidi ya dini na zaidi ya mizinga.

Na upande wake yeye, kosa la safari ile lilikuwa ni nauli. Aliyemlipia alikuwa na shughuli zake, na ilipokwisha, naye akaisha. Dada anayekopa nauli ya kurudi kwa wakala, au anayerudishwa na mtu mwenye jambo lake na familia yake, anajua tunachosema. Ndiyo maana bibi harusi akija kupimwa gauni na akatwambia mume anafanya kazi nje, watahamia huko, huwa tunamuuliza mahari yake ameiweka wapi, na kwa jina la nani. Wengine wanacheka. Wengine wananyamaza, wanaangalia kioo.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake Berlin, kitabu ambacho hadi leo kinasomwa na kila anayetaka kujua maisha ya ndani ya majumba ya kifalme ya Unguja. Machi 1888 Barghash akafariki, akatawala kaka mwengine, Sayyid Khalifa bin Said. Bi Salme akaja tena mwaka ule ule, safari hii na binti yake mdogo, bila ya manowari. Akasubiri. Hakupata kitu kwa kaka mpya wala msaada kwa ubalozi wa Wajerumani, ambao sasa walikuwa wakielewana vizuri na kasri. Akaondoka.

Hakurudi moja kwa moja Ujerumani. Alikwenda kuishi Jaffa, halafu Beirut, akakaa huko mpaka 1914. Sisi tunaona alitafuta pahala pa katikati, ambapo asubuhi anasikia adhana na sokoni anaulizia bei kwa Kiarabu, ingawa si kwao.

Mwaka 1923, wakati wa Sayyid Khalifa bin Harub, serikali ya Zanzibar ilimkubalia posho ya kila mwaka. Alikuwa na karibu miaka 79. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akawekwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na jamaa za mumewe. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake kulikutwa kifuko kidogo, na ndani yake mchanga wa pwani ya Unguja.