Kifungu cha 13 na binti wa Njoro

Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliitupa rufani ya Serikali kuhusu umri wa msichana kuolewa. Nimeisoma upya hukumu ile nikiwa Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, pembeni ya majaruba ya mpunga. Nilipachagua mahali hapa kwa makusudi. Maji ya majaruba haya hutoka mto Njoro, na Njoro ndiko alikozaliwa Lucy Lameck mwaka 1934.

Vijana wengi wanaojiita wafeministi leo hawalijui jina hilo, na hilo linaniuma. Lameck alikuwa binti wa wakulima, akasomea uuguzi, akaingia TANU, akapata masomo katika Chuo cha Ruskin kule Oxford, kisha akawa mwanamke wa kwanza nchini kuingia katika safu ya uwaziri. Moshi ilimtuma bungeni. Alikotoka, kihamba, yaani shamba la ukoo la mlimani, kilirithiwa na wana wa kiume. Mwanamke alishuka asubuhi kulima mahindi na ulezi huku tambarare, jioni akapanda mlima na mzigo kichwani, na ardhi zote mbili, ya juu na ya chini, haikuwa yake.

Kizazi cha Lameck ndicho kilichotuachia Sheria ya Ndoa ya 1971. Ilikuwa sheria ya kujivunia. Ilizikusanya ndoa za dini, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja, ikataka bibi harusi akubali kwa hiari yake, ikamnyima mume haki ya kumchapa mke. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliitumia sheria hiyohiyo kutamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya wanandoa.

Lakini paa lilijengwa na tundu. Kifungu cha 13 kilimtaka mvulana afikishe miaka 18, msichana 15 tu, na mahakama iliweza kuruhusu hata 14. Kifungu cha 17 kilimtaka binti wa chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba.

Baada ya hapo zilikuja jumuiya za kutetea wanawake. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, ilizaliwa 1987, na mwaka huohuo hapa Moshi ikaanza KWIECO, ambayo hadi leo wanawake wa Kilimanjaro huikimbilia kwa ushauri wa sheria. TGNP, mtandao wa jinsia, ikafuata 1993. BAWATA, baraza la wanawake, ikafutiwa usajili 1997. Tundu lilibaki.

Aliyekuja kulishika kwa nguvu ni kijana. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mzaliwa wa Dodoma aliyekuwa amefanya kazi miaka kadhaa na Femina Hip, wachapishaji wa jarida la Fema lililopita mikononi mwa wanafunzi wengi wa sekondari, alianzisha Msichana Initiative. Akafungua kesi Mahakama Kuu kwa jina lake mwenyewe, wakili wake akiwa Jebra Kambole, dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hakuwa na chama cha siasa nyuma yake wala kiti bungeni. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha ili umri uwe 18 kwa wote.

Serikali ikakata rufani, na hapo ndipo pa kusoma taratibu. Ilidai Mahakama Kuu imekosea kuuchukulia umri wa mtoto na umri wa ndoa kuwa kitu kimoja. Ikadai kuwa umri mdogo wa msichana si ubaguzi, bali ni kumfikiria. Ikazitaja mila na dini. Ikasema ruhusa hiyo inamkinga binti anayepata mimba nje ya ndoa. Nimezisoma hoja hizi mara tatu, na kila mara nimemwona mtoto wa kidato cha pili, daftari la hesabu kwapani, anaambiwa kwamba kuozwa ndiyo kinga yake. Majaji hawakukubali. Walisema ndoa inamtwisha mtoto majukumu ya unyumba asiyoyaweza, na kwamba sheria inayomtaka mvulana asubiri na kumruhusu msichana atangulie haiwatendei sawa. Rufani ikaanguka, na agizo la kurekebisha likabaki palepale.

Mwaka 2018, kesi ikiwa bado katika rufani, Gyumi alipewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Dunia ilimpigia makofi kabla Bunge lake halijabadili neno moja. Yamepita mashauriano, zimepita kauli, na miaka mitano baada ya hukumu ya mwisho kifungu cha 13 kilikuwa bado kimo kitabuni na 15 yake. Ni aibu, na nchi inayoheshimu mahakama zake haina sababu ya kuificha.

Kipo kitu kimoja kilichobadilika haraka. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayeoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari akawekewa kifungo cha miaka 30. Basi chukua mabinti wawili majirani hapa Mabogini, wote wana miaka 15. Mmoja huvuka mfereji asubuhi na sare yake kwenda shule. Mwenzake aliacha masomo, yumo jarubani tangu alfajiri akipandikiza mpunga kwa kibarua. Akija mtu na posa kwa huyu wa kwanza, anahatarisha miaka 30 gerezani. Kwa huyu wa pili, akishapata ridhaa ya baba, sheria ya 1971 inamfungulia mlango.