Jiwe Lililo Chini ya Kitambaa cha Kijani

Chepseon haina upungufu wa mawe. Chini ya mashamba ya chai na mikaratusi ya Kipkelion Mashariki umelala mwamba mgumu wa kijivu uliotokana na lava, ule ambao wanajiolojia huuita fonolaiti ya Kericho. Mwamba huo ni mzuri kwa msingi wa nyumba na kwa kokoto. Kwa meza ya pool haufai. Meza hiyo hudai sleti, jiwe lilelile ambalo wazee wetu waliandikia shuleni, na sleti haitoki huku.

Si kwamba biliadi, mchezo mama wa pool, ilizaliwa na jiwe. Kwa karne kadhaa huko Ulaya ilichezwa juu ya mbao, na mbao zilileta ugomvi: msimu wa unyevu zilivimba, msimu wa ukavu zilipinda, na mpira uliopigwa vizuri ukakata kona bila kuombwa. Mwaka 1826, fundi samani wa London aliyeitwa John Thurston alitandika sleti mahali pa mbao. Jiwe hilo ni matope ya kale yaliyogandamizwa na nguvu za milima hadi yakawa tabaka juu ya tabaka. Hupasuka mabamba, hukubali kusawazishwa na kutobolewa, wala halinywi maji. Wales ilikuwa na sleti tele, na machimbo ya Penrhyn yakawa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Mwaka 1835 Thurston aliongeza kingo za mpira. Baridi ilizifanya ngumu, ikabidi zipashwe moto kabla ya mchezo, mpaka ulipopatikana mpira uliochanganywa na salfa miaka ya 1840.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa ndani ya mchezo huo kabla haijaona meza. Mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe laini zilizopita Zanzibar na Mombasa zilipendwa sana na wachongaji. Pembe moja ilitoa mipira michache tu iliyo bora, hivyo kila seti iliondoka na roho za ndovu. Uhaba wa pembe ndio uliowafanya Phelan na Collender, watengenezaji wa meza huko Marekani, kutangaza zawadi ya dola 10,000 mwaka 1863 kwa atakayebuni kitu mbadala. John Wesley Hyatt akaingia kazini, na majaribio yake yakazaa seluloidi.

Kwa hiyo pembe zilitoka, kisha mawe yakaingia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na stesheni ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, ikawa mlango wa Kericho. Kampuni za chai zilipojikita miaka ya 1920, vilabu vya wazungu vilifuata, na biliadi ilikuwa burudani ya vilabu vya namna hiyo kote katika himaya ya Uingereza. Meza kamili, futi 12 kwa 6, hubeba mabamba 5 ya sleti, na uzito wake wote hupita tani moja. Mwafrika angeweza kuibeba meza hiyo, lakini kuichezea lilikuwa jambo jingine.

Kilichoushusha mchezo hadi sokoni ni meza ndogo ya pool inayomeza sarafu, iliyoenea katika baa za Uingereza kuanzia miaka ya 1960. Hii hutosheka na bamba moja. Urefu wa mita 2, upana wa mita 1.1 na unene wa milimita 20 hutoa jiwe la kilo 120 hivi: vijana wanne na mlango mpana.

Mafundi wa Kenya wamepata njia yao, nayo ni marumaru. Uzito wake unakaribiana na wa sleti, na huchimbwa Kajiado. Wapo pia wanaotumia mbao za kubandikwa, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Nchi ya chai ni nchi ya mvua, karibu kila alasiri. Ubao utavimba huku kama ulivyovimba London kabla ya 1826. Tena jiwe lenyewe halitoshi. Fremu ya mkaratusi mbichi itajikunja na kulivunja bamba, kwa hiyo mbao zikaushwe kwanza. Kisha bamba lilazwe, lipimwe kwa pimamaji urefu, upana na pembe kwa pembe, na kabari nyembamba ziingizwe palipozama. Tundu za skrubu zizibwe na kusuguliwa kabla ya kitambaa cha sufu kuvutwa. Chembe moja ya mchanga iliyosahauliwa chini yake itajulikana siku ya kwanza.

Nawe unayetaka kufungua biashara ya pool Chepseon, usinunue kwa kuangalia rangi ya kitambaa. Inama utazame chini ya meza ni jiwe au ubao, kisha usukume mpira mweupe polepole kutoka kila upande. Ukikata kona wenyewe, rudisha pesa zako mfukoni.